Vanishi ya Epifanes kwenye mbao za boti, inafaa?

Haya wadau karibuni, kopo ndio hili hapa, Epifanes ya kung'aa, ile ya Uholanzi. Wengi mnauliza mbao za boti zipigwe vanishi au zipakwe tu mafuta ya mtiki, na mimi jibu langu ni vanishi, ila sharti uwe mtu wa kuirudia kabla haijaanza kubanduka, kama huna muda huo basi paka mafuta, utaishi kwa amani.

Nachoipendea hii, ina mafuta ya tung ndani yake, yale yanayokamuliwa kwenye mbegu za mti wa tung, kwa hiyo hata ikikauka haiwi kavu ya kukatika, mbao ikivimba na kusinyaa nayo inafuata, tofauti na vanishi ngumu za fanicha za ndani ambazo zikikaa juani zinapasuka tu. Halafu ina kinga ya jua, na jua ndio linaloua kazi yote, maana linapita kwenye vanishi linachoma mbao kwa chini, vanishi inakosa pa kushika.

Ngoja nisogeze kamera, angalia hapa pembeni ya hii skrubu. Mnaona huo weusi? Juu panang'aa kabisa, lakini maji yameingilia kwenye tundu la skrubu yakatambaa chini kwa chini. Hapo usipake juu yake jamani, kwangua mpaka uikute mbao safi, piga msasa namba 120 uje 180, na kama ni mtiki ufute na asetoni kwanza kwa sababu ule mti una mafuta yake, vanishi haishiki vizuri.

Koti la kwanza, yaani ule mpako wa kwanza, ndio kila kitu. Changanya na thina nusu kwa nusu, liwe jepesi linyweke kabisa kwenye mbao, hasa kwenye ncha zilizokatwa, koti linalofuata thina inapungua, mpaka yale ya mwisho unapiga karibu yenyewe tupu. Makoti 6 hivi, na msasa laini katikati. Kopo usilitikise, unatia mapovu, koroga taratibu. Na jioni usipake, umande ukiikuta haijakauka inafifia.

Kasoro yake ni moja, inakauka polepole mno, inataka saa 24 kabla ya koti lingine, na mvua ikiingilia katikati ndio unasubiri tena.

Matunzo sasa, suuza chumvi kwa maji baridi yasiyo ya bahari, na kwenye jua kali kila miezi 6 hivi msasa mwepesi, koti moja au mawili, basi. Na matambara yenye mafuta msiyakunje mkayatupa kwenye kona, yanaweza kuwaka moto yenyewe, yatandazeni nje yakauke.