Slaidi ya wengu: kipande kizuri, lebo inayopotosha

Slaidi hii ya kufundishia histolojia (elimu ya tishu), kioo cha kawaida cha milimita 76 kwa 26, ina kipande cha wengu wa binadamu kilichotiwa rangi ya hematoksilini (zambarau) na eosini (waridi). Kimekatwa vizuri: hakina mikunjo wala michirizi ya kisu, na ni chembamba kiasi cha mikromita 5, hivyo limfosaiti (seli nyeupe za kinga) hazijapandana.

Anza na lenzi ya 4 (inayokuza mara 4). Madoa ya zambarau yaliyotapakaa kwenye uwanja wa waridi ndiyo palpu nyeupe, sehemu ya wengu iliyojaa limfosaiti. Hapa wanafunzi hukwama: nyeupe gani hii ya zambarau? Jina limetoka kwenye wengu mbichi uliokatwa, ambako vidoto vyeupe huonekana kwa macho matupu juu ya wekundu uliokolea. Zambarau ni ya viini vya limfosaiti vilivyonyonya hematoksilini. Ukipanda lenzi ya 40, itafute ateri ndogo ndani ya doa. Inaitwa ateri ya kati, lakini folikuli (vifundo vya limfosaiti) mara nyingi huisukuma pembeni. Limfosaiti za aina ya T huizunguka kama ala, na za aina ya B hukaa kwenye folikuli. Ila kwa rangi hii usijaribu kuzitofautisha moja moja, sura zao zinafanana.

Lebo ndiyo tatizo. Imeandikwa "vitufe vya Malpighi" tu, kiungo hakikutajwa. Marcello Malpighi, mwanaanatomia Mwitaliano, alieleza vitufe vya figo na vya wengu katika kitabu kimoja alichochapa Bologna mwaka 1666, na vyote alivichukulia kuwa tezi. Leo tunajua vya figo ni vishada vya kapilari, vya wengu ni mkusanyiko wa limfosaiti. (Jina lake lipo hadi kwenye mirija ya wadudu.) Andika juu ya lebo: "folikuli za limfu za wengu".

Kasoro ya pili ni chembe za kahawia-nyeusi kwenye palpu nyekundu, yaani ule uwanja wa waridi. Hutokea formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) yenye asidi inapokutana na tishu iliyojaa damu, na hufanana mno na pigmenti ya malaria (chembe za rangi zinazoachwa na vimelea), hata chini ya mwanga uliopolarishwa. Kwa somo la malaria slaidi hii haifai. Ukiagiza nyingine, dai iliyohifadhiwa kwa formalini ya asilimia 10 yenye bafa (kidhibiti asidi), pH 7, na wengu uwe umepasuliwa vipande vyembamba kabla ya kuzamishwa, maana kiungo kizima huoza katikati formalini ikiwa bado njiani.