Nginx: nyota nne, na sio kwa sababu ya spidi

Watu wakiisifia nginx, programu ya seva ya kurushia tovuti, wanaongelea spidi, mi leo naongelea inakaa wapi na mafaili yake yanaitwaje, maana hapo ndo usiku wa mtu unapoishia. Ukiinstoli pakeji ya Debian au ya Red Hat, zote mifumo ya Linux, unakuta mafaili ya mipangilio yako /etc/nginx, faili kuu ni nginx.conf, jina la programu ndo jina la faili, basi. Sasa angalia Apache, seva nyingine ya tovuti, kwenye Debian ni /etc/apache2/apache2.conf, Red Hat ni /etc/httpd/conf/httpd.conf, ukiijenga mwenyewe kutoka kwenye source code inaenda /usr/local/apache2, yaani maelekezo ya mwenzako anayetumia mfumo mwingine kwako hayafanyi kazi.

Ila kilichonifanya niipende kabisa ni nginx -t, komandi ya kukagua mipangilio kabla hujaiwasha. Inakujibu imesoma faili gani, na njia yake yote kuanzia mwanzo, ukikosea inakutajia mpaka namba ya mstari. Kuna programu nyingine siitaji jina, nilikaa nayo toka saa mbili usiku mpaka saa sita, nabadilisha poti, namba ya mlango inaposikilizia, nasevu naiwasha upya, poti ni ileile, nabadilisha tena, wapi, kumbe inasoma faili lingine kabisa lililofichwa kwenye folda ya nyumbani ya yuza anayeiendesha, na limeitwa config tu, hivyohivyo, ukilisachi yanakuja mafaili kibao yenye jina hilo. Nilichoka jamani. Ingeandika tu mstari mmoja kwenye logi ikiwaka, nasoma faili hili, ningelala mapema.

Nyota niliyokata ni ya sites-enabled, folda ya mipangilio ya saiti zilizowashwa. Kwenye Debian nginx.conf inavuta kila kilichomo humo, kwa hiyo ukiacha kopi inaitwa default.bak nayo inasomwa, unapigwa erra ya duplicate default server, yaani saiti mbili zote zinajiita ndo ya msingi. Folda ya conf.d inachukua yanayoishia na .conf peke yake, na mi naona hivyo ndo sawa. Halafu pakeji inayotolewa na nginx wenyewe sites-enabled haina kabisa, ukifuata somo la Debian utaitafuta folda ambayo haipo.

Mi kopi zangu za akiba naziweka nje ya /etc/nginx, humo kwenye sites-enabled zinabaki simlinki tu, yaani vielekezi vya kwenda kwenye faili lenyewe.