Dar–Mbeya na pikipiki: uende mwenyewe au na kundi?

Hili swali linaulizwa sana, na mi jibu langu halina kona kona: kama unataka kujijua, nenda mwenyewe. Na kundi raha ipo sikatai, ukipata pancha pale hifadhi ya Mikumi huku tembo wanakuangalia kuna wa kukushikia spana, afu mkifika Iringa mnacheka. Ila kundi lina mwendo wake, anayeongoza ndo anaamua mnakula wapi mnalala wapi, we kazi yako kufuata taa ya nyuma tu.

Mwenyewe sasa, ni zaidi ya kilomita 800 wewe na kichwa chako ndani ya helmeti, hakuna wa kupiga nae stori, unafika mlima wa Kitonga malori yanapanda taratibu mbele yako unajiuliza niovateki au nitulie, hapo ndo unajua kama we ni mtu wa pupa au una subira na hakuna wa kumsingizia. Baridi ya Makambako nayo aisee, inakuuliza maswali yake. Hela? Mafuta yaleyale, ila mkiwa wengi chumba mnachangia. Mikumi usiku usipite kabisa, uwe na kundi usiwe nalo, wanyama wanakatiza barabara.