AirSense 10 na kichwa cha asubuhi: wiki tatu za mwanzo nusura niirudishe dukani

Naandika kwa ajili ya mtu aliyeanza mashine ya CPAP juzi juzi, ile watu wanaita sipapu, inayokupulizia hewa kwa maski ukiwa umelala ili koo lisizibe, na kila akiamka kichwa kinamgonga mpaka anawaza kuirudisha. Usiirudishe kwanza, soma yaliyonikuta.

Mi ni dereva wa lori, Dar kwenda Tunduma. Mwaka jana nlisinzia napanda Kitonga mchana kweupe, utingo akapiga kelele nikashtuka gari imeshaanza kwenda upande wa korongo. Mama watoto alikuwa ananiambia siku zote kwamba nakoroma afu nanyamaza ghafla kama mtu aliyekata roho, afu navuta pumzi kwa nguvu kama nimetolewa kwenye maji, mi nampuuza tu. Baada ya Kitonga nikaenda hospitali, nikafungwa kidude cha kupima usingizi usiku mmoja, majibu yakasema pumzi inakatika au inapungua mara 38 kwa saa. Daktari akasema kawaida ni chini ya 5, ukivuka 30 hiyo ni kali. Kumbe hata kile kichwa nlichokuwa naamka nacho kila siku, ambacho nimekinywea dawa za malaria mara sijui ngapi, kilikuwa kinatoka huko huko. Pumzi ikikatika ile hewa tunayotakiwa kuitoa inajaa kwenye damu, mishipa ya kichwani inatanuka, unaamka kichwa kizito pande zote mbili, afu ukishatembea tembea kinaondoka chenyewe kabla ya mchana.

Basi nikanunua AirSense 10 AutoSet ya ResMed, hela niliyoichanga miezi na miezi. Mashine yenyewe sina neno nayo kabisa. Ndogo, inaingia kwenye begi lake, kelele yake hata feni ya chumbani inaishinda, na inapandisha na kushusha hewa yenyewe kadri koo linavyoziba. Nyota 5.

Shida ilikuwa namna nilivyoanzishwa. Duka silitaji, ila nlihudumiwa dakika kama kumi tu, nikapewa maski kubwa ya kufunika pua na mdomo bila kupimwa uso, nikaambiwa kaza mikanda isivujishe, nguvu ya hewa ya mashine wakaiacha kwenye 4 mpaka 20, kwaheri. Usiku wa kwanza nikakaza kweli. Nikaamka na mistari mashavuni na maumivu kama kuna mtu amenifunga kamba paji la uso, na juu yake kile kichwa kizito cha zamani bado kipo vile vile. Wiki nzima hivo. Nikaanza kuivua saa nane usiku bila hata kujijua, naikuta asubuhi iko chini.

Hapa ndo nataka tuelewane, kwa sababu nlikuwa nachanganya vichwa viwili tofauti nikiviita kimoja. Maumivu ya mbele, ya paji na chini ya macho, yenye alama za mikanda usoni, hayo ni ya maski au ya pua kukauka. Ila ule uzito wa kichwa kizima unaoisha ukishaamka, huo kwangu ulikuwa unasema pumzi bado zinakatika japo mashine inaunguruma. Nilipompigia daktari nikamweleza hivo hivo akaniambia rudi dukani na ile kadi ya kumbukumbu iliyo ubavuni mwa mashine. Safari hii nikamkuta fundi mwingine, kijana mtaratibu sana, akaichomeka kwenye kompyuta akanionyesha kwamba bado pumzi zinakatika mara 14 kwa saa na hewa inavuja usiku kucha. Ile 4 ilikuwa ndogo mno kwangu, mashine inaanza chini inanikimbiza kutoka nyuma, mpaka ifike juu nimeshakabwa mara kadhaa. Akampigia daktari, wakaiweka 8 mpaka 15. Msiibadilishe wenyewe kwa kubahatisha jamani, ikizidi nayo ina matatizo yake, tumbo linajaa hewa.

Na maski akanilaza kabisa pale kwenye kitanda cha dukani, akaiwasha mashine, ndo akaanza kufunga mikanda. Akanieleza kitu ambacho kilitakiwa nielezwe siku ya kwanza, kwamba ule mpira laini wa maski hewa yenyewe ndio inaujaza ukakaa usoni, ukiukaza sana unaubana hauwezi kujaa na unavuja zaidi, kwa hiyo unakaza zaidi, kichwa kinauma zaidi. Vidole viwili vipite chini ya mkanda. Akanibadilishia nikachukua ya pua tu, AirFit N20. Usiku wa tatu toka siku hiyo nikaamka kichwa chepesi. Nlikaa kitandani nasubiri kianze kuuma, hakikuuma. Mama watoto akaniuliza mbona unalia.

Ila barabarani likazuka jingine. Kwenye gari naiendesha na betri kwa adapta yake, na kwa vile ule mfumo wa kupasha maji ya kwenye tenki, unaoipa hewa unyevu, ndio unakula umeme kuliko vyote, nikawa nauzima nikilala Makambako. Makambako usiku ni baridi na hewa kavu, naamka pua imebana na paji linauma. Nilipouwasha nao ukanimwagia maji puani, maana hewa ya moto ikipita kwenye bomba la baridi inageuka matone. Sasa nalipitisha bomba ndani ya blanketi na unyevu nauweka 3, Dar nauweka 2 inatosha, na kabla ya kulala nasafisha pua na maji ya chumvi ya dukani. Nikiwa na betri moja tu nalala bila unyevu usiku mmoja, zaidi ya hapo hapana.

Madereva wenzangu, kwenye tenki msitie maji ya betri. Najua yapo kila sheli na yanaonekana masafi, mi mwenyewe nlikuwa nshayashika mkononi, fundi akanikataza, mengine yana asidi na unayavuta kifuani masaa nane. Inatakiwa maji yaliyokenekwa, yaani distilled, uliza famasi. Ukikosa, maji ya chupa ya kunywa kwa usiku mmoja mmoja afu uoshe tenki asubuhi maana yanaacha ukoko mweupe.

Halafu kahawa. Nlipoanza kulala vizuri niliacha kahawa na zile energy kwa mkupuo, kichwa kikarudi siku nne nikadhani mashine imeharibika. Punguza taratibu.

Kama umeshafanya yote haya na kichwa bado kinauma, au unatapika, au unaona ukungu machoni, au kimekuja kwa ghafla kikali kuliko vyote, hilo sio la maski, nenda hospitali wakupime na presha ya damu. Yangu ya asubuhi ilikuwa juu, bado nameza vidonge.

Leo ni mwezi wa tano toka niianze, kioo cha mashine asubuhi kinaniandikia pumzi kukatika mara 2 au 3 kwa saa. Duka nalipa nyota 2 kwa siku ya kwanza na 5 kwa yule fundi, mkienda popote ombeni mlazwe mjaribu maski mashine ikiwa inapuliza kabla hamjatoa hela. Kichujio wanasema badilisha angalau kila miezi sita, changu kwa vumbi la barabara kilikuwa cheusi mwezi wa pili, sasa natembea na vya akiba vitatu kwenye dashibodi.