Uzamivu wa fizikia ya chembe: jaribio kubwa au dogo?

Wanafunzi wa uzamivu hawachoki kuuliza swali hili: nijiunge na jaribio kubwa kama ATLAS au CMS kule CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, au niende kwenye maabara ndogo yenye watu sita na leza juu ya meza?

Kwa upande wa data, kubwa linashinda waziwazi. Ukifika, unakuta kigunduzi kipo na data ya migongano ya chembe imeshahifadhiwa. Hata LHC, mashine ya CERN inayogonganisha chembe hizo, iliposimamishwa kuanzia mwisho wa 2018 hadi 2022, watu waliendelea kuandika tasnifu kwa data ya 2015 hadi 2018. Kwenye maabara ndogo, mtambo wa ombwe ukivuja, tasnifu nayo inasimama. Utazunguka na heliamu ukipuliza kiungio kimoja baada ya kingine, macho kwenye kipimo, mpaka usomaji uruke ghafla, ishara kwamba heliamu imepenya hapo penye tundu. Kazi hiyo inaweza kula wiki nzima. Lakini ndivyo mtu anavyokijua chombo chake hadi skrubu ya mwisho, na elimu hiyo naithamini sana.

Na jina? Makala ya pamoja ya ATLAS na CMS ya 2015, kuhusu tungamo la chembe iitwayo bosoni ya Higgs, ina waandishi zaidi ya 5,000. Za maabara ndogo huwa na wachache, na mchango wako unaonekana wazi.

Mpenda takwimu na programu ambaye ufadhili wake hauongezwi hata mwezi, kubwa litamfaa zaidi. Mwenye mikono isiyotulia, na msimamizi anayepatikana kila siku, aangalie dogo kwanza.