Nyuzi za gita kavu: 80/20 au fosfa bronzi?

Pakiti ya 80/20 ni asilimia 80 shaba na 20 zinki, iliyozungushwa juu ya waya wa chuma. Siku ya kwanza inalia kama kengele. Ukipiga omutibo, ule mtindo wa gita wa Waluhya, kidole gumba kikitembeza besi, kila noti inasikika peke yake. Shida ni jasho. Hapa Kisumu, kwa unyevu wa ziwa na vidole vyenye chumvi, zangu huwa kahawia baada ya wiki mbili tu, na uzi wa nne unalia kama kamba ya kufungia mbuzi.

Fosfa bronzi ina shaba nyingi zaidi, bati kidogo na chembe ya fosforasi. Sauti yake ni nene, haing'ari sana, lakini inakaa. Kwa mtu anayepiga kanisani kila Jumapili, ningechukua hii bila kusita.

Unene? Anayejifunza aanze na seti ya 0.010 (ni inchi, unene wa uzi mwembamba kuliko wote), ile ya 0.012 ina sauti kubwa ila vidole vitalia. Na kabla hujalipa, tazama daraja la gita lako, pale nyuzi zinaposhikiliwa kwenye mwili wake: kama nyuzi hufungwa fundo pale, hilo ni la nailoni. Ukilivalisha chuma, daraja linaweza kung'oka.