Chakula cha Krismasi Shangani, Mezani Hapana Mkristo

Tarehe 25 Desemba 2024 nilimpeleka shoga yangu, bibi wa Kiyahudi wa miaka 76 kutoka New York, kula katika mkahawa mmoja wa juu ya paa hapa Shangani. Yeye alikuwa ameulizia Wachina, kwani kwao Mayahudi wengi siku hiyo hula kwa Wachina, ambao hawafungi mikahawa yao. Mimi nilichagua hapo kwa ajili ya upepo, nikazisahau ngazi zake, ambazo ni refu, za kiza, na hazina pa kushika.

Mlangoni palikuwa na mvinje uliotandazwa pamba iwe theluji. Shoga yangu, aliyeikimbia theluji kwa ndege mbili, aliutazama kama mtu aliyefuatwa na mdai wake. Mhudumu akatuamkia, "Shikamooni bibi zangu, Krismasi njema," mimi nikiwa ndani ya buibui. Mwenzangu akamjibu, "Marahaba, nawe pia mwanangu," kisha akaniambia kwamba miaka yote hujibu hivyo, kwa sababu kumsahihisha mtu dukani huchukua muda kuliko foleni yenyewe.

Chakula kilikuwa cha bei moja, shilingi 85,000 kwa mtu, na lawama yangu ni kwamba hakuna aliyetuuliza tunachokula. Nguruwe tulimkataa kwa sauti moja. Kamba na pweza nilimsaidia mimi, maana dini yake hairuhusu cha baharini kisicho na mapezi na magamba, naye akabakiwa na mkate. Kijana yule alipoona hivyo alishuka jikoni, akarudi na kachori na kaimati ambazo wapishi walikuwa wamejikaangia wenyewe.

Hapo ndipo sikukuu ilipoanza, kwani usiku ule ulikuwa wa kwanza wa Hanuka, sikukuu ya Mayahudi. Hanuka hufuata mwezi kama Idi zetu, ila wao huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka michache ili isiwahame majira ya baridi, na desturi yake ni kula vya kukaanga, kwa kukumbuka mafuta ya hekalu la Yerusalemu ambayo husimuliwa kuwa yaliwaka siku 8 badala ya moja. Alimega kachori, akaichovya katika chatini ya nazi, akafumba macho, akasema kwamba bibi yake, aliyekuwa akiparuza viazi vya kukaanga vya sikukuu hiyo mpaka vidole vikatoka damu, asingesamehe ulaini ule.

Kisha akatoa mkobani mishumaa miwili, mmoja wa usiku wa kwanza na mmoja wa kuwashia. Kaskazi iliizima mara tatu. Wahudumu, wakidhani ni siku yake ya kuzaliwa, walikuja wakipiga makofi na kuimba, na mmoja akauliza kama bibi anatimiza miaka miwili. Akajibiwa kwamba magoti yangependa iwe hivyo.

Kachori nazipa nyota tano, ingawa hazimo katika orodha yao na itabidi mziombe. Hizo hatukutozwa. Nguruwe, ambaye hatukumgusa, tulimlipia sote wawili.